Neno kwa Neno

Faili la Sayi Masunga lilikuwa jembamba kuliko mengine yote mezani, na ndilo pekee lililokuwa na matusi ndani yake.

Inspekta Rhoda Mwakalobo alilisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini. Ilikuwa Jumatatu ya Juni, mwaka wa tisini na nne, na upepo wa Sumbawanga ulikuwa unapita pale ambapo kioo cha dirisha kilivunjika na mtu akaziba kwa kadibodi. Rhoda alihamishiwa mji huu miezi minne iliyopita akitokea Tukuyu. Baridi aliizoea tangu utotoni. Ambacho hakukizoea ni kuletewa kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine, yeye akaambiwa atie sahihi tu.

Kazi yenyewe ilikuwa upekuzi. Kila aliyeomba kujiunga na jeshi la polisi alichunguzwa kwanza: wazazi wake ni akina nani, majirani wanamsemaje, amewahi kushtakiwa au la. Kisha Alhamisi angeketishwa mbele ya jopo la usaili. Safari hii mkoa ulipewa nafasi moja tu ya msichana, na baada ya mchujo walibaki wawili: Jane wa Kizwite na Sayi wa Laela.

Nafasi moja, wakati huo, haikuwa kitu cha mzaha. Serikali ilikuwa inapunguza watu kila idara. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa na maghala yake yamejaa popo. Ruksa ya soko huria ilikuwa imempa kila mtu uhuru wa kuuza anachotaka, ila wengi hawakuwa na cha kuuza. Msichana aliyemaliza kidato cha nne alikuwa na njia mbili, kuolewa au kusimama sokoni nyuma ya rundo la mitumba. Sare ya polisi ilikuwa njia ya tatu, na ilikuwa nyembamba.

Faili la Jane lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Katika faili la Sayi kulikuwa na karatasi hii:

“Mimi Modesti, miaka sitini na sita, Mfipa, mkulima na katekista wa Laela. Mwombaji namfahamu tangu akiwa mdogo. Ni mwizi wa ng’ombe. Baba yake mwizi wa ng’ombe, na babu yake mwizi wa ng’ombe. Kwao wanawaamkia ng’ombe kwanza, ndipo watu. Mkimpa huyo bunduki atakwenda kuchungia. Mimi binafsi ameniibia hata wajukuu.”

Chini kulikuwa na sahihi ya mzee, yenye mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mapadri, na jina la aliyeandika maelezo: Koplo Eustaki. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi, siku mbili zilizopita.

Rhoda alilipeleka faili kwa mkuu wa upelelezi, Afande Victor, mtu mnene aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na ambaye tayari alikuwa ameanza kustaafu. Victor alimwambia aandike kwamba hafai, mambo yaishe. Rhoda akamwonyesha kwamba karatasi ile inataja wizi lakini haitaji ng’ombe hata mmoja aliyeibwa. Ng’ombe wa nani? Wangapi? Mwaka gani? Kesi namba ngapi? Victor alilitazama faili kama mtu anayetazama nzi kwenye chai, akampa mpaka Jumatano jioni.

Koplo Eustaki alipoitwa alisimama wima, sare imenyooka. Alikuwa mwenyeji wa mkoa huu huu, mtu wa maneno laini, na ofisi nzima ilimpenda kwa sababu alikumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Rhoda alimuuliza kwa nini hakumwuliza mzee habari za hao ng’ombe.

“Mzee alikuwa amekasirika sana, afande. Nikiuliza zaidi angenifukuza,” alisema Eustaki. “Unajua mambo ya wafugaji na wakulima. Ng’ombe wa Wasukuma wakiingia shambani mara moja, chuki haiishi. Halafu jina la Masunga lipo kwenye rejista ya wizi wa mifugo kituo cha Laela. Mwaka themanini na tisa. Nimeliona kwa macho yangu.”

Yalikuwa maelezo yanayoingia akilini. Rhoda aliyaandika: chuki ya mashamba, rejista ya themanini na tisa. Mtu mwenye chuki husingizia, na mwizi pia huwa na majirani wenye chuki. Ilibidi amsikie msichana mwenyewe.

Sayi alikuja saa nane mchana kutoka mtaa wa Mazwi, hapo hapo mjini, alikokuwa amefikia kwa mama mmoja aliyeandikwa kwenye fomu kama Mama Dominika. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, amevaa sweta la mtumba lenye maandishi ya kigeni kifuani ambayo bila shaka hakuna aliyejua maana yake kati ya hapo na Tunduma. Aliamkia, akaketi, akaweka mikono magotini. Alijibu habari za shule na ndugu zake bila kusita. Baba yake, Masunga, alikuja na ng’ombe kutoka Maswa mwaka wa sabini na tisa. Yeye alizaliwa miaka mitano kabla, akakulia Laela.

Rhoda alifika mahali penyewe.

“Unamfahamu Modesti, katekista wa Laela?”

“Mtajwa simfahamu, afande. Sina uhusiano naye wa aina yoyote.”

Rhoda aliweka kalamu chini. “Laela si Dar es Salaam, binti. Umekaa pale miaka kumi na tano. Katekista humfahamu?”

“Simfahamu, afande.”

“Anasema wewe ni mwizi. Kwa nini aseme hivyo?”

“Huenda ana chuki binafsi.”

Alikuwa anatazama ukuta nyuma ya kichwa cha Rhoda. Rhoda alimsomea sehemu ya mwisho ya fomu polepole: kwamba maelezo haya ni ya kweli, na kwamba mwombaji akibainika kusema uongo ataondolewa bila nafasi ya kuomba tena. Alimwuliza mara ya pili kama ana hakika, kisha mara ya tatu. Sayi aliomba Biblia mwenyewe kabla ya kupewa, akaapa, akatia sahihi. Rhoda naye akatia yake, akagonga mhuri, akaingiza namba ya fomu kwenye rejista.

Msichana alipotoka, Rhoda aliandika neno moja kwenye daftari lake la mfukoni: mtajwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amelisikia neno hilo kwa makarani, kwa askari, na kwa hakimu mmoja wa Mbeya aliyependa kujisikiliza. Hakuwahi kulisikia kwa msichana wa kidato cha nne.

* * *

Jumanne asubuhi Landrova ya ofisi haikuwa na mafuta, kwa hiyo alipanda basi la Tunduma, akashuka Laela kabla ya saa sita. Pande zote mbili za barabara wanunuzi wa mahindi walikuwa wamejaa na mizani yao, kila mmoja akimwita mkulima mjomba.

Askari wa kituo alimletea rejista ya themanini na tisa bila maswali. Rhoda alipitisha kidole. Mwezi wa Septemba: wizi wa ng’ombe saba. Jina la Masunga lilikuwepo kweli, kama Eustaki alivyosema. Lilikuwa kwenye safu ya mlalamikaji.

Alisoma tena asije akawa amekosea safu. Masunga ndiye aliyeibiwa. Ng’ombe walifuatiliwa nyayo siku mbili, wakapatikana wote saba, na watuhumiwa walikuwa watu wa mbali. Kwenye safu ya mashahidi kulikuwa na jina moja la mtu aliyetembea na Masunga siku zote mbili. Lilikuwa jina la Modesti.

Basi ile habari ya chuki ya mashamba ikaanguka hapo hapo juu ya meza. Mtu hamfuatilii jirani yake ng’ombe siku mbili porini halafu amwite mwizi wa ng’ombe. Au kitu kilitokea kati yao baadaye, au Rhoda alikuwa hajui kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwenye karatasi ile.

Nyumba ya mzee ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na kwenye nyasi za mteremko kulibaki yale matuta ya mviringo ya Wafipa, ambayo majani hufukiwa ndani yaoze mpaka yawe mbolea. Modesti alikuwa uani akianika ulezi. Alikuwa mkavu, mrefu, rozari shingoni juu ya fulana ya kampeni. Alimkaribisha kwa adabu nyingi, akamwita mama, akamletea togwa kwenye kikombe cha bati.

Rhoda hakupoteza muda. Alimsomea maelezo yake mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho, akimtazama usoni. Alipofika kwenye kuwaamkia ng’ombe, mzee alianza kutabasamu. Alipofika kwenye bunduki ya kuchungia, alicheka kwa sauti mpaka akashika mbavu.

“Na hilo la wajukuu usiliruke,” alisema. “Ameniibia wajukuu kweli. Wanashinda kwao wakinywa maziwa, hapa nawaona siku ya Jumapili tu.”

Rhoda alimwuliza kama anaelewa kwamba amemtuhumu mtu wizi mbele ya polisi. Mzee alimshangaa kidogo, kama mtu anayemshangaa mgeni aliyeketi kwenye kinu.

“Mama, wewe si mtu wa huku,” alisema kwa upole. “Yule ni Msukuma, mimi ni Mfipa. Yule ni mtani wangu.”

Akamweleza, kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha watoto katekisimu miaka thelathini. Masunga alipofika na ng’ombe wake alimkuta Modesti kisimani, wakatukanana nusu saa nzima, jioni yake Modesti akamwonyesha pa kujenga. Msiba wa mama yake Modesti, Masunga ndiye aliyelala kaburini akigoma kutoka mpaka alipwe kuku. Sayi alizaliwa kwingine lakini alifundishwa kusoma hapa uani, kwa katekisimu. Siku ya kwenda sekondari, mzee mwenyewe alimbebea sanduku mpaka kituo cha basi huku akiwatangazia abiria wafunge mifuko, mwizi anapanda.

“Sasa ungetaka niseme nini?” aliuliza. “Kwamba ni binti mwenye tabia njema? Masunga angesikia nimemsifu, angekuja mbio kuuliza nimewakosea nini. Mtani ukimsifu umemkasirikia.”

Rhoda aliuliza swali ambalo jibu lake alianza kuliogopa. “Koplo aliyekuja Jumamosi, alijua kwamba huyu ni mtani wako?”

“Eustaki? Mtoto wa huku huku. Alinisalimu kwa Kifipa, akaketi hapo ulipokaa. Aliniuliza, ‘Mzee, huyo mtani wako wa ng’ombe yukoje?’ Tukacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akaniambia niseme tu, anaandika yote, watacheka na wakubwa mjini.”

Hasira ilimpanda Rhoda mpaka masikioni. Eustaki alisema mzee alikuwa amekasirika. Eustaki alisema jina lipo kwenye rejista, na hakusema ni la nani. Hakuwa ameandika uongo hata mmoja. Alichukua kicheko cha mzee, akakipiga pasi, akakiweka kwenye faili.

Modesti alikuwa ameinama mbele, uso umechangamka.

“Na yeye?” aliuliza. “Yeye alinijibuje?”

Alikuwa anasubiri tusi lake. Rhoda aliliona hilo wazi. Utaratibu haukumruhusu kumwonyesha shahidi maelezo ya mwombaji. Lakini kutaja kwa mdomo kile kilichoandikwa mle kulimshinda, na alihitaji mzee ajue kabla ya kuandika maelezo mapya. Akatoa karatasi, akampa.

Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, kwa sauti ndogo: mtajwa simfahamu, sina uhusiano naye wa aina yoyote. Akapiga paja.

“Ameniweza!” alisema. “Mbele ya serikali! Yaani hanijui kabisa!”

Alicheka peke yake kwa muda. Kisha akamtazama Rhoda ili wacheke wote, na Rhoda hakuwa anacheka. Mzee alirudi kwenye karatasi. Safari hii alikaa nayo sana.

“Hapa chini imeandikwa kiapo,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Aliapa kwa Biblia?”

“Kwa Biblia.”

Modesti alivua miwani, akaikunja, akapapasa kifua akitafuta mfuko wa shati, na hakuwa amevaa shati. “Huko Mazwi analala kwa Mama Dominika,” alisema. “Mama Dominika ni mwanangu wa kwanza. Anakula kwa mwanangu, mama. Sweta alilokwenda nalo mjini nimemchagulia mimi.”

Baada ya hapo alitoa maelezo mapya. Alisema mwombaji ni binti mwenye tabia njema, mkweli, mwenye heshima kwa wakubwa. Alisema maneno hayo taratibu, akisubiri kalamu, na hakuongeza wala kupunguza.

* * *

Jumatano asubuhi Rhoda alimkuta Sayi kwenye meza ya mitumba ya Mama Dominika, akikunja masweta. Alimwita pembeni, nyuma ya choo cha soko ambako hakuna anayependa kusimama. Alimwuliza jambo moja tu: nani alimfundisha kusema mtajwa.

Msichana alijaribu kukana, akashindwa, na yote yakatoka mara moja. Jumapili baada ya misa Koplo Eustaki alimsubiri nje ya kanisa. Alimwonyesha karatasi ya Modesti, na alikuwa na uso wa huruma. Alimwambia mzee amemchongea, na kwamba jopo likijua huyu mzee amemlea, litaamini kila neno. Dawa ni moja: ajiandae vizuri, amkane. Mtu asiyekufahamu hawezi kukushuhudia. Alimwandikia majibu kwenye karatasi ya daftari, akamsikiliza akiyakariri mara tatu, akamwambia achome karatasi na asimwambie Mama Dominika kitu, kwa kuwa aliyemwuza Sayi ni baba mzazi wa mama huyo.

“Hukujua ni utani?” Rhoda aliuliza. “Wewe unayeitwa mwizi na yule mzee kila siku?”

“Kwa mdomo ningejua, afande. Pale palikuwa na mhuri.” Sayi alikuwa analia bila kujifuta. “Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali anapocheka. Sikupaona.”

“Karatasi ya majibu iko wapi?”

“Niliichoma.”

Bila shaka aliichoma. Alikuwa mtoto mtiifu, na jeshi linatafuta watu watiifu. Rhoda alimwambia kilichobaki ni kimoja: kesho mbele ya jopo aseme ukweli wote, na kwamba kwa kiapo kile kila kitu sasa kilikuwa juu ya huruma ya watu watatu.

Rhoda alimkuta Eustaki stoo, anapanga majalada. Alimwuliza ana undugu gani na Jane wa Kizwite. Eustaki hakukataa kwamba ni mtoto wa dada wa mke wake. Alisema hilo halijaandikwa popote kuwa kosa. Kuhusu Sayi, alisema hajawahi kuzungumza naye. Rhoda alimwambia kwamba yeye Eustaki alijua ule ni utani tangu anafungua daftari.

“Afande, mimi niliandika alichosema mzee, neno kwa neno. Ndivyo tunavyofundishwa.” Hakupandisha sauti. “Na huyo binti hakuapa mbele yangu. Aliapa mbele yako. Sahihi ni yako.”

Rhoda alimchukia yule mtu kuliko alivyowahi kumchukia mwizi yeyote. Uchungu zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Mtego ulitegwa na Eustaki lakini kamba aliivuta yeye, Jumatatu saa nane, kwa kalamu ya serikali, baada ya kuuliza mara tatu kwa uangalifu.

Ofisini alilifungua faili, akaitoa ile fomu. Ilikuwa karatasi moja. Nakala yake ilikuwa stoo, kwa Eustaki, na namba ilikuwa kwenye rejista kwa mwandiko wake mwenyewe. Angeichana, Eustaki angemshukuru. Aliirudisha, akaandika taarifa ya kurasa nne: rejista ya themanini na tisa, maelezo mapya ya mzee, maelezo mapya ya msichana, undugu wa koplo na mwombaji wa pili. Alimpelekea Afande Victor saa kumi na nusu.

Victor aliisoma yote, jambo lililomshangaza Rhoda. “Wizi umeufuta vizuri,” alisema. “Na uongo?”

“Alifundishwa uongo, afande. Na askari wetu.”

“Una karatasi?”

“Ilichomwa.”

“Basi una neno la msichana aliyeapa uongo dhidi ya askari mwenye miaka kumi na minne kazini.” Alifunga faili. “Kanuni inasema mwombaji akisema uongo. Haisemi nani alimfundisha.”

* * *

Alhamisi jopo lilikaa kwenye ukumbi mdogo. Modesti alikuwa amefika alfajiri na lori la mahindi, amevaa koti jeusi la kanisani. Hakuitwa, alijileta. Alimwomba Rhoda nafasi ya kusema, na mwenyekiti wa jopo, kwa kuheshimu umri wa Modesti, akampa dakika tano. Aliwaeleza utani ni nini kwa maneno machache. Alisema kama kuna mwenye makosa ni yeye, aliyecheka na mtu mwenye kalamu. Kisha akashukuru, akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, kofia magotini.

Sayi naye alisema kila kitu. Alimtaja Eustaki kwa jina na cheo. Mjumbe mmoja alimwuliza, bila ukali wowote, kwenye kazi ya polisi mtu mwingine akimwogopesha tena, yeye atamkana nani. Sayi alimtazama mjumbe usoni. Alisema hajui. Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote yaliyotolewa ukumbini siku hiyo, na mjumbe akaliandika.

Walishauriana dakika kumi. Nafasi ilikwenda kwa Jane, aliyejibu maswali yake yote vizuri na ambaye, kwa haki, hakuwa amemkosea mtu. Malalamiko dhidi ya Koplo Eustaki yalipokelewa yakafanyiwe kazi. Rhoda aliijua droo yatakamofanyiwa kazi. Ilikuwa ya tatu kutoka juu, na ufunguo wake ulipotea zamani.

Alitoka barazani kumfikishia Sayi barua yake, akamkuta msichana ameshaelewa na anashuka ngazi. Modesti alisimama. Watu waliokuwa wakisubiri huduma nyingine walisogea kumpisha.

Sayi alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Alijikaza, akainua kidevu, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko ilivyotakiwa.

“Watu wa kuzika majani mmefika mpaka mjini? Nani amebaki kulia matanga ya nyasi huko kwenu?”

Watu wawili watatu kwenye foleni walicheka, maana kila mtu anayajua matuta ya Wafipa. Sayi alimtazama mzee, anangoja. Rhoda naye alijikuta anangoja, bahasha mkononi.

“Hujambo, binti,” alisema Modesti. “Pole kwa usaili. Wazazi hawajambo nyumbani?”

Aliuliza kwa upole, kwa sauti ile ile aliyomkaribishia Rhoda uani kwake. Wazazi hao alikuwa ameachana nao usiku wa kuamkia siku hiyo. Masunga ndiye aliyemshika mkono kumpandisha kwenye lori.

“Hawajambo,” alisema Sayi.

“Wasalimie.”

Walisimama hivyo, hatua mbili kati yao. Mzee hakuwa na hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa na adabu tu. Foleni ilisogea. Sayi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwamkia yule mzee kwa chochote isipokuwa tusi, alipiga goti kidogo kama anavyofanya binti yeyote mbele ya mzee yeyote.

“Shikamoo, babu,” alisema.

“Marahaba,” alijibu Modesti.